Jenereta ya petroli iliyotelekezwa: nini cha kusafisha, nini cha kubadilisha

Jenereta ya petroli ni mashine mbili zilizofungwa pamoja, injini na dinamo. Ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, kila moja huharibika kwa njia yake. Injini hudhuriwa na petroli iliyozeeka ndani ya kabureta, na kutu kwenye tangi na silinda. Dinamo hudhuriwa na unyevu, na panya wanaotafuna nyaya, na kupotea kwa sumaku ndogo inayotakiwa kubaki kwenye rota, sehemu ya dinamo inayozunguka. Pesa nyingi hupotea hapa: mtu ananunua AVR (kifaa kinachodhibiti volti) wakati kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota, imekwama tu, au anabadilisha kabureta nzima wakati kilichoziba ni kijitundu kimoja. Upande wa pili yuko anayesafisha kabureta ileile tena na tena wakati chuma chake kimeshaliwa na hakitafunga tena.

Vipimo vilivyomo humu ni vya jenereta za kawaida za silinda moja na mipigo minne, zenye oili isiyochanganywa na petroli, za ukubwa wa injini ya Honda GX160 au GX200 na nakala zake nyingi. Kama yako ni ndogo ya mipigo miwili, mambo ya kabureta na tangi yanafanana, ila usisahau kuchanganya oili. Uwiano wa 1:50 maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli.

Kufufua au kuuza vipuri

Uamuzi huu ufanye kabla ya kununua chochote, ikiwezekana kabla ya kuinunua jenereta yenyewe.

Usivute kamba kwa nguvu. Toa plagi ya cheche, mimina kijiko cha chai cha oili safi kwenye tundu lake, subiri saa moja, kisha vuta polepole. Ikizunguka laini, rudisha plagi na uvute tena. Unapaswa kuhisi kamba ikikaza kila pistoni inapopanda kugandamiza hewa. Chomoa pia kijiti cha oili ukinuse. Oili iliyozidi kipimo na yenye harufu ya petroli inakwambia kwamba sindano ya kabureta, inayozuia petroli bakuli likijaa, haifungi na koki iliachwa wazi, petroli ikashuka mpaka ndani ya injini. Oili nyeupe kama maziwa ina maji. Zote mbili zimwage kwanza.

Injini ikigoma kuzunguka kabisa, kuna njia mbili: kuilowesha au kuifungua. Anza na kulowesha, kwa sababu mara nyingi kinachozishika ringi za pistoni ni utando mwembamba wa kutu. Mimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la plagi, acha saa 24 hadi siku tatu, toa kifuniko cha kamba, kisha zungusha nati ya gurudumu kwa soketi kuelekea upande uleule wa kuwashia. Ongeza nguvu kidogo kidogo. Kufungua injini kuna maana tu ikiwa haikutikisika baada ya hapo, na hata hivyo silinda yenye mashimo ya kutu haitafaa bila kuchongwa upya.

Ikizunguka lakini haina mgandamizo, usikimbilie kulaumu ringi. Weka mililita 5 za oili kwenye silinda na ujaribu tena. Mgandamizo ukipanda, ringi ndizo zenye tatizo. Usipopanda, tazama vali. Fungua kifuniko cha vali, vuta kamba taratibu, na uangalie kama zote mbili zinapanda na kushuka. Vali ya egzosi kukwama ikiwa wazi ni jambo la kawaida kwa injini iliyolala, na dawa yake ni mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina na kugongagonga kwa nyundo ya plastiki mpaka irudi yenyewe. Kisha pima nafasi injini ikiwa baridi: milimita 0.15 kwa vali ya kuingiza na 0.20 kwa ya egzosi kwenye GX160 na GX200. Usiihukumu injini kwa namba ya geji ya mgandamizo peke yake. Nyingi zina kifaa kwenye kamishafti kinachoachia vali kidogo wakati wa kuvuta kamba, kwa hiyo geji husoma chini hata injini ikiwa nzima.

Dinamo nayo hupimwa bila kuwasha. Chomoa AVR, weka multimita kwenye omu, na upime kati ya ringi mbili za shaba za rota. Kwa jenereta nyingi za kVA 2 hadi 5 utapata makumi ya omu. Kwenye soketi ya umeme utapata omu chache tu, mara nyingi chini ya 2. Kati ya waya yoyote na bodi isisomeke kitu, ila kumbuka kuwa baadhi ya jenereta zimeunganishwa nyutro na bodi kiwandani, na muunganisho huo lazima uufungue kwanza. Rota isiyosoma kabisa imekatika. Harufu kali ya vanishi iliyoungua kwenye matundu ya hewa inatosha peke yake kukutia shaka.

Injini nzima yenye dinamo iliyoungua bado ina thamani. Kabla ya kuipeleka kusukwa nyaya upya, kwangua kidogo waya wa stata, sehemu ya dinamo isiyozunguka: ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba, ukiwa mweupe chini ya rangi ni alumini. Stata ya shaba tunaisuka. Ya alumini tunaona heri kutafuta dinamo nyingine kutoka jenereta iliyokufa injini, ya ukubwa na mwisho wa shafti unaofanana. Injini isiyo na mgandamizo pamoja na dinamo iliyoungua, iache.

Tangi: kuosha kwa asidi, kusugua, au kubadilisha

Petroli ya zamani imwage yote kwenye chombo cha chuma au cha plastiki kinachofaa petroli, na ipeleke panapopokea mafuta machafu. Usijaribu kuiokoa kwa kuchanganya na mpya. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoiwezesha kuwaka injini ikiwa baridi, zimeshapeperuka, na iliyobaki imegeuka kuwa na ulimbo. Ikiwa ilichanganywa na ethanoli, huenda imevuta maji na kujigawa, maji yakakaa chini, mahali hasa petroli inapotokea.

| Njia | Inafaa lini | Muda | Angalizo |
|---|---|---|---|
| Asidi ya sitriki, gramu 100 hivi kwa lita moja ya maji ya moto | Kutu ya wastani, chuma bado kizima | Saa 12 hadi 24 | Ikiachwa zaidi hula chuma chenyewe. Kutu hurudi haraka usipokausha |
| Siki ya kawaida bila maji | Kutu nyepesi | Siku 1 hadi 2 | Polepole, na huhitaji lita za kujaza tangi zima |
| Nati ndogo au mnyororo mfupi pamoja na maji na sabuni, tikisa | Magamba mazito ya kutu | Dakika 20 hadi 30 | Pembe hazifikiwi. Hesabu nati zinapoingia na zinapotoka |
| Tangi jingine | Matundu, au mshono uliooza | Mara moja | Pima umbali wa boliti na mahali pa koki |

Tunapendelea kusugua kwanza, kisha asidi ya sitriki. Magamba yakitangulia kutoka, asidi hufanya kazi kwenye chuma badala ya kuishia juu ya kutu iliyoinuka. Baada ya asidi, suuza, zungusha maji yenye bikaboneti ya soda ili kuiua, suuza tena, na ukaushe papo hapo kwa hewa ya moto ya umeme, mbali na mvuke wowote wa petroli. Mara likikauka, mimina petroli kidogo iliyochanganywa na oili na ulizungushe tangi ndani lote. Ukilala na tangi bichi, asubuhi utaona rangi ya chungwa imerudi. Tangi lenye tundu usilichomelee. Mvuke uliobaki hulipuka hata kama tangi lilioshwa.

Badilisha mpira wa mafuta bila kuujadili sana, na safisha kichujio kilicho ndani ya koki. Ukiongeza kichujio cha kwenye mpira, chagua kile cha mafuta yanayoshuka kwa uzito wake. Vichujio vilivyotengenezwa kwa pampu huzuia sana, na injini itakufa dakika chache baada ya kubebeshwa mzigo.

Kabureta: kusafisha, kununua kiti cha matengenezo, au kununua mpya

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu zaidi, na unaanza na kuelewa jeti mbili, yaani vijitundu vinavyopima petroli. Jenereta isipokuwa na mzigo, gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) huifunga hewa karibu kabisa, na petroli hupita hasa kwenye jeti ndogo, yenye kitundu cha chini ya nusu milimita. Ikibeba mzigo, gavana hufungua na jeti kubwa ndiyo inayolisha. Kwa hiyo mlio unaopanda na kushuka bila mzigo, kisha ukatulia unapowasha taa kadhaa, unaonyesha jeti ndogo imeziba nusu. Jenereta inayotulia bila mzigo lakini ikazimika ukichomeka pasi ina shida kwenye jeti kubwa au mtiririko wa mafuta. Ile inayokubali kuwaka tu choki ikiwa imefungwa inapata hewa nyingi kuliko petroli: jeti zimeziba, au gasketi inavuta hewa pembeni. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya kabureta ikiwa inawaka. Mlio ukibadilika, umepata tundu la hewa.

Kusafisha kunachukua kama saa moja. Funga koki, fungua boliti ya chini ya bakuli, kwa kawaida ya spana 10, na uangalie kilichomo. Ulimbo wa kahawia unaonata husafishika. Unga mweupe au wa kijani wenye vidoti vya mashimo ni chuma kinacholiwa, na hapo anza kufikiria kununua. Chomoa pini ya boya, toa boya na sindano yake. Ncha ya sindano mara nyingi ni ya mpira, usiitie kwenye dawa kali ya kabureta. Fungua jeti kubwa kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji sawasawa, kwa sababu shaba hiyo ni laini na mfereji ukishakwanguka hutaitoa tena. Geuza kabureta, na bomba la mchanganyiko lenye matundu madogo pembeni litadondoka. Usipolitoa, umesafisha nusu.

Jeti ndogo ndiyo inayosahauliwa. Kwenye kabureta nyingi za aina hii iko juu, ina kichwa cha plastiki, na hushikiliwa na skrubu ya kurekebisha mlio. Toa skrubu hiyo, kisha inua jeti taratibu kwa bisibisi nyembamba. Iinue kwenye mwanga: unapaswa kuona nukta ya mwanga yenye umbo la duara kamili. Ikiwa duara ina kingo zilizochongoka au huoni kitu, loweka kwenye dawa, kisha pitisha uzi mmoja wa waya laini wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme wa nyuzi nyingi. Usitumie sindano wala waya wa chuma. Tundu likipanuka kidogo tu, petroli itazidi, moshi utakuwa mweusi na plagi itachafuka. Pulizia kila njia kwa dawa ya kabureta, halafu kwa hewa yenye nguvu, ukihakikisha kila kinachoingia upande mmoja kinatokea upande wa pili. Vaa miwani, maana dawa hiyo hurudi usoni kupitia tundu usilolitarajia.

Kiti cha matengenezo, yaani seti ya vipuri vidogo yenye sindano, gasketi na wakati mwingine boya, ni njia ya katikati ambayo wengi huiruka. Kinafaa pale mwili wa kabureta ni mzima lakini petroli inavuja kwa juu, au ulipoikuta oili imejaa petroli. Boya litikise karibu na sikio. Likiwa na sauti ya majimaji ndani limetoboka, na kabureta itafurika hata sindano iwe mpya.

Kabureta mpya ina faida ya wazi: kazi ya dakika ishirini na hakuna njia iliyofichika iliyobaki na uchafu. Kasoro yake ni kwamba za kuiga hazilingani kila mara. Jeti zake zinaweza kuwa tofauti na za injini yako, na mlio wa kupanda na kushuka ukakuhamia kwenye kabureta mpya. Kabla ya kununua, linganisha umbali kati ya matundu mawili ya boliti, kipenyo cha koo la hewa, upande wa mkono wa choki, mahali mafuta yanapoingia, na kama bakuli lina solenoidi (vali ya umeme) ya kuzima au halina. Ukifunga, kumbuka mpangilio wa gasketi na kipande kinene cheusi kinachozuia joto. Gasketi hizo zinafanana machoni lakini matundu yake hayafanani, na ukizibadilishana unaweza kuziba njia ya hewa ya bakuli. Injini itawaka vizuri, kisha itanyong'onyea na kuzima. Zipige picha kabla ya kuzitoa.

Kwa kabureta ya asili ya injini ya kampuni inayojulikana, safisha kwanza, weka kiti cha matengenezo ikihitajika, na ununue mpya tu ukiona mashimo mahali sindano inapokalia au kwenye njia za ndani. Jeti zake zilipimwa kwa injini hiyo. Kwa nakala ya kawaida ambayo kabureta yake inapatikana kila mahali, isafishe mara moja kwa uangalifu. Ikirudia tatizo lilelile, nunua mpya na ubaki na jeti za zamani. Mara nyingi jeti ndogo ya zamani, ikishasafishwa, hutuliza kabureta mpya inayopandisha na kushusha mlio.

Moto wa plagi

Hapa nunua plagi mpya tu. Kwa injini za ukubwa huu NGK BPR6ES ndiyo ya kawaida, nafasi yake milimita 0.7 hadi 0.8. Ikikosa cheche, usinunue koili (inayozalisha umeme wa cheche) kabla ya kuchomoa waya wa swichi ya oili. Swichi hiyo huzima moto oili ikipungua, na iliyokwama hufanya hivyo hata oili ikiwa imejaa. Cheche ikirudi, tatizo ni swichi au usawa wa oili, na baada ya kuirekebisha rudisha waya huo, maana ndio unaoiokoa injini. Ikikosa bado, toa kifuniko cha kamba, sugua kutu kwenye sumaku ya gurudumu na kwenye miguu ya koili kwa msasa laini, na uweke nafasi ya milimita 0.4 kati yake. Koili mpya ndiyo ya mwisho.

Injini inawaka, umeme hautoki

Washa jenereta nje tu, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, moshi ukielekea mbali na watu. Hewa ya kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, na mlango uliofunguliwa hauitoshi. Usiiunganishe na nyaya za nyumba wakati wa majaribio.

Pima soketi kwa multimita kwenye volti za AC. Somo hili ndilo linaloamua ununue nini. Volti 2 hadi 5 maana yake sumaku ya rota ipo, na kinachokosekana ni AVR, kaboni au waya unaoilisha rota. Sifuri kamili, na breka (swichi ya usalama ya umeme) ya jenereta ikiwa imewashwa, huelekeza kwenye sumaku iliyopotea au waya uliokatika.

Kabla ya njia yoyote, toa kishikizo cha kaboni. Kaboni ziteleze bila kukwama, na ringi za shaba zing'ae. Jenereta iliyolala huwa na utando mweusi au wa kijani juu ya ringi hizo, na utando huo peke yake huzuia umeme. Usugue kwa msasa laini sana, futa vumbi, rudisha. Jenereta nyingi huponea hapa.

Sumaku ikiwa imepotea, njia ni mbili. Ya betri ni sahihi zaidi na ndiyo tunayoipendelea kwa jenereta zenye kaboni, kwa sababu inapima wakati huohuo inapotibu. Chomoa nyaya mbili za AVR zinazokwenda kwenye kaboni. Washa injini, kisha gusisha betri ya volti 12 kwenye kaboni kwa sekunde chache, kupitia fyuzi ndogo. Chanya iende kwenye kaboni iliyokuwa ikipokea waya chanya wa AVR, mara nyingi mwekundu. Ukigeuza, AVR itapingana na sumaku uliyoweka na umeme hautapanda. Tazama multimita kwenye soketi wakati betri imegusa. Ukiona makumi ya volti, rota na stata ni nzima. Zima, rudisha nyaya, washa tena. Umeme ukitoka kamili, umemaliza bila kununua kitu. Ukibaki kwenye volti chache, sasa ndipo AVR inapostahili kununuliwa: linganisha idadi ya nyaya, umbo la soketi yake na mahali pa skrubu. Na kama betri haikuzalisha chochote, AVR mpya haitasaidia. Rudi kwenye vipimo vya omu.

Njia ya drili inafaa jenereta zisizo na kaboni, zile za kapasita, ambazo hazina mahali rahisi pa kugusisha betri. Inahitaji drili ya waya yenye kaboni zake na inayolingana na volti za jenereta. Ya betri haifai. Toa biti na ufunguo wake, ichomeke jenereta ikiwaka, bonyeza swichi ya drili, na uzungushe kichwa chake kwa mkono kwa kasi, kinyume cha uelekeo wake wa kawaida. Sumaku ndogo ya drili husukuma mkondo kidogo kwenye stata. Hatari iko wazi: umeme ukishika, drili inaanza kuzunguka mkononi mwako, kwa hiyo usivae glavu na achia mara moja. Ikishindikana, badilisha kapasita kwa yenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua zilizoandikwa. Ile ya zamani itoe chaji kabla ya kuigusa.

Umeme ukitoka, angalia kasi kabla ya kuchomeka kifaa chochote cha thamani. Jenereta ya Hz 50 yenye rota ya ncha mbili huzunguka mara 3000 kwa dakika, ya Hz 60 mara 3600. Bila mzigo iache juu kidogo, kama Hz 52 kwa ile ya 50, ili ikibeba isishuke sana. Rekebisha skrubu ya gavana kidogo kidogo huku ukitazama multimita yenye kipimo cha Hz. Usiitumie skrubu hiyo kupandisha volti zilizo chini kwa sababu ya AVR mbovu, kwani kasi ikizidi ndiyo inayochoma vifaa na kuvunja injini. Ifanye kazi nusu saa kwa mzigo wa nusu ya uwezo wake, izime, imwage oili ile ya kwanza ikiwa bado ya moto, na ujaze mpya ya 10W-30, lita 0.6 hivi kwa injini ya ukubwa huu.